Dairekta wa Nguo za Kuazima

Ukimkuta Gikomba asubuhi, ungemdhani mama muuza mitumba kama wenzake wote. Leso moja kiunoni, nyingine kichwani, amepanda juu ya kreti ya soda ili aonekane, anapunga suruali hewani na kuwaita wateja kwa maneno ambayo mengine siwezi kuyaandika hapa. Ukimkuta jioni katika ukumbi wa mtaa, Shauri Moyo, ungeapa kwamba huyu ni ndugu yake tu anayefanana naye sura. Sauti imeshuka, Kiswahili kimenyooka, na vijana kutoka kila pembe ya Eastlands wamemzunguka kimya wakingoja aseme neno. Sisi tulimwita Dairekta. Wazazi wetu walimwita Dairekta. Hata muuza mboga wa kwetu Mbotela, ambaye hakuwahi kukanyaga ukumbi ule, alimwita Dairekta, na akimfungia sukuma wiki alimwongezea majani mawili matatu kwa heshima ya cheo.

Alizaliwa wapi sijui, wala sikuwahi kuuliza. Wapo waliosema ni mtu wa pwani, kwa sababu ya sala zake na Kiswahili chake, na wapo waliosema ni mzaliwa wa hapa hapa Pumwani na pwani ameiona kwenye kalenda tu. Mimi namjua kuanzia siku aliponiona nimeegemea mlango wa ukumbi nikijifanya napita, akaniambia, "Ingia au ondoka, unatuletea upepo." Nikaingia.

Miaka ile ya sabini kwenda themanini vikundi vya maigizo vilikuwa vingi mitaani kwetu. Kila kanisa lilikuwa na chake, kila shule na chake, na wote walijua kuanzisha mchezo. Yeye peke yake ndiye niliyemwona akisumbuliwa na jambo lililowapita wengine. Onyesho la mwisho likikwisha, viti vikipangwa ukutani, yule kijana aliyekuwa mfalme jana aende wapi leo? Kwake hilo halikuwa swali la mzaha. Alikuwa amewaona vijana wakikaa vibarazani wiki nzima baada ya mchezo, hawali, hawasemi, wazazi wakidhani wamerogwa. Mimi mwenyewe niliupata ugonjwa huo, na wa kwangu ulikawia kupona kuliko wa wengine wote. Ndiyo maana namweleza.

Nianze na nguo, kwa kuwa yeye alianzia huko. Mtu angetarajia kwamba kikundi kinachoongozwa na muuza mitumba hakitakosa cha kuvaa. Meza yake ilikuwa na makoti, magauni, kofia za kila aina. Lakini hakutupa hata soksi. Kila nguo ya mchezo ilikuwa lazima iazimwe kwa mtu wa mtaani, mtu mwenye jina na mlango. Ukicheza bibi harusi, unakwenda kuazima gauni kwa mama aliyefunga ndoa nalo. Ukicheza shehe, unatafuta kanzu ya shehe. Nilimwuliza sababu, akaniambia, "Nguo isiyo na mwenyewe haina la kusema. Hizi zangu za bandali, za robota kutoka ng'ambo, sijui nani alizivaa. Wewe utajuaje kusimama ndani yake?"

Wajuaji wa mtaa walimtania. Walipomwona akipita na kundi la vijana waliobeba nguo za watu walimtupia methali: "Dairekta, nguo ya kuazima haisitiri maungo!" Naye alikuwa na jibu tayari, halipoi. "Nani kasema tunataka kusitirika? Sisi tunataka kuonekana." Halafu akaendelea na safari yake huku wao wakicheka peke yao.

Nilipokua nikagundua kwamba ndani ya jambo lile kulikuwa na ujanja wa soko pia. Mtu aliyeazimisha koti lake hawezi kukosa kuja kuliona likicheza. Anakuja na mke, na shemeji, na jirani, na wote wanakaa mbele wakinong'onezana, "Lile pale, lile pale." Ukumbi ulijaa wenye nguo. Nimewahi kumwona mama mmoja wa mtaa wa Huruma akilia machozi mwisho wa mchezo, na alipoulizwa kisa hasa kilichomgusa akasema hakufuata kisa, alikuwa anaangalia kitambaa chake cha kichwa.

Juu ya lugha alikuwa mkali, na hapo ndipo alipokuwa watu wawili. Ukumbini hakutaka Sheng hata chembe. Ukisema "mathe" badala ya "mama" alikusimamisha na kukurudisha mlangoni uingie upya. "Baba huyu unayemcheza hana *mathe*. Ana mama, na mama yake amemfunza adabu. Ingia tena." Kesho yake asubuhi unapita Gikomba na kumsikia juu ya kreti: "Wee buda, hiyo suruali iko fiti! Vaa hii uone kama mathe wa nyumba atakutambua!" Tukimkumbusha alituangalia bila haya. Alisema soko ni jukwaa lake na ukumbi ni wetu, na kila jukwaa lina maneno yake.

Magharibi ikiingia alisimamisha mazoezi popote yalipofika, hata kama mtu ameinua mkono kumpiga mwenzake. Alikwenda chumba cha nyuma kusali, nasi tulibaki tulivyo. Ilikuwa sheria yake kwamba tusivunje picha. Mara moja Wanjiku, aliyekuwa akicheza binti, alibaki amepiga magoti muda wote wa sala akiwa ameshika miguu yangu, na mimi nimekunja uso. Dairekta aliporudi alituzunguka pole pole, akasema, "Sasa ndiyo mmekasirikiana kweli. Endeleeni." Huyo Wanjiku alikuwa mlizi sana. Neno lolote la huzuni lilimtoa machozi, mpaka Dairekta akamvuta kando, akamwambia maneno ambayo nimeyatumia tangu hapo kwa mambo mengi yasiyohusu maigizo: "Ukilia wewe, wao watalia nini? Waachie na wao."

Hakuwahi kunisifu. Sijui kama aliwahi kumsifu mtu yeyote. Ukifanya vizuri alikwenda kwa mwingine kumkosoa, na hapo ulijua umefaulu. Kijana mmoja alilalamika kwamba amecheza vizuri siku tatu mfululizo na hajasikia hata asante. Dairekta akamwuliza, "Ulipochota maji leo nyumbani, kuna aliyekupigia makofi?" Kijana akasema hapana. "Na maji yalikuwa mabaya?" Tulicheka wiki nzima.

Sasa niiseme Siku ya Kurudisha, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake. Baada ya onyesho la mwisho hakukuwa na karamu. Vikundi vingine vilikunywa soda na kucheza santuri, sisi tulifua. Jumatatu nzima ilikuwa beseni na sabuni ya mche nyuma ya ukumbi. Jumanne zilipigwa pasi ya makaa, na jioni yake kila mmoja alibeba nguo aliyoivaa akaipeleka kwa mwenyewe, kwa mguu, yeye mwenyewe, bila kutuma mtu. Na hukuruhusiwa kukabidhi mlangoni ukakimbia. Ilikuwa lazima uingie, ukae, na umwombe mwenye nguo akusimulie habari zake. Aliinunua wapi, aliivaa siku gani, nani alikuwepo.

Mchezo wangu wa kwanza nilikuwa askari asiye na neno hata moja. Nilivaa suruali ya kaki ya jirani yetu mmoja, mama mjane, iliyokuwa ya marehemu mumewe. Nilipoirudisha alinipa chai na mkate, akaishika ile suruali magotini, akanieleza jinsi mumewe alivyoivaa siku ya kwanza ya kazi na jinsi alivyorudi nayo ina grisi mpaka mfukoni kwa kuwa hakuna aliyemwambia avae ovaroli. Alicheka sana. Aliniambia pia mambo ya ndoa ambayo kijana wa umri wangu hakustahili kuyasikia. Nilipotoka pale nilikuwa nimemsahau yule askari wangu kabisa. Suruali ilikuwa imepata tena mtu wake, na mimi nilikwenda nyumbani kulala usingizi mzuri. Wenzangu wote walisema hivyo hivyo. Unaingia kwa mtu ukiwa bado na mchezo kifuani, unatoka ukiwa na habari za mtu mwingine, na kwa namna fulani kifua kimepata nafasi.

Lakini dawa hiyo yeye mwenyewe hakuinywa. Siku ya Kurudisha hakuonekana. Mara tu nguo zilipoanza kufuliwa alijifunga kwake, na meza yake ya Gikomba ikafunikwa turubai wiki nzima. Watu wa sokoni waliuita ugonjwa ule homa ya mapazia. Mumewe, mzee mpole aliyetengeneza baiskeli karibu na soko, alitukuta siku moja tumesimama nje ya mlango wao na maembe ya mgonjwa. Aliyapokea kwa shukrani, akatuambia kwa sauti ya chini, "Mwacheni kidogo. Amefiwa na watu ambao hawakuwepo." Tulifikiri ni maneno ya utani.

Mchezo uliotutenganisha uliitwa *Mkwe Yuko Mlangoni*. Tuliutunga pamoja naye pale ukumbini, kila mtu akitia lake. Ulihusu baba mmoja anayekataa kumwoza binti yake. Kila mchumba anayekuja anatafutiwa kasoro, huyu mfupi, huyu anacheka sana, huyu wa kabila lile, mpaka binti anakaribia kukata tamaa. Mwishoni baba anasimama peke yake mbele ya mlango, anasema maneno marefu ya kujuta, kisha anaufungua. Baba alikuwa mimi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata matokeo ambayo mama yangu aliyakunja akayaweka chini ya godoro asije mgeni akayaona. Baba alitaka niingie gereji. Katika kila kitu nilichowahi kujaribu, shuleni, mpirani, hata kwaya ya kanisa, nilikuwa wa katikati kwenda chini. Ila nilipovaa koti la yule baba na kusema, "Mlango huu ni wangu," ukumbi mzima ulinyamaza. Nilikuwa sijawahi kunyamaziwa na watu. Nilipenda sana. Nasema wazi kwamba nilipenda kuliko nilivyowahi kupenda kitu chochote, na niliogopa siku ya kulivua.

Koti lenyewe lilikuwa la Mzee Ochieng', jirani yetu wa mlango wa tatu, aliyestaafu kazi ya reli. Koti zito la buluu, vifungo vya shaba, mabega mapana. Ukilivaa unajikuta unatembea pole pole bila kuambiwa. Mzee Ochieng' aliniazima kwa moyo mkunjufu, akakaa mstari wa mbele maonyesho yote ya kwanza, na kila nilipofunga vifungo vile alimgonga kiwiko aliyekaa naye.

Kwa desturi mchezo wetu ulionyeshwa mwisho wa juma mara mbili, ukakwisha. Safari hii Dairekta akasema turudie juma la tatu, kwa kuwa watu wa Huruma hawajauona. Tukafurahi. Juma la nne akasema watu wa Mbotela wanauliza. Sisi wa Mbotela tulijua hawaulizi, walikuwa wameshauona na kuukariri, watoto walikuwa wakiucheza mabombani. Kila Jumapili ilitangazwa kuwa ya mwisho, na kila Jumapili ikazaa nyingine. Wenye nguo wakaanza kununa. Mama wa gauni la harusi alitaka kumwazima mdogo wake. Shehe alitaka kanzu yake. Wanjiku alikuwa ameitwa kuanza mafunzo ya uuguzi na akaogopa kumwambia.

Mwishowe nilimwambia mimi. Nilimkuta ukumbini peke yake anapanga viti, nikamweleza kwamba watu wamechoka, na wengine wanaondoka. Mimi sikuwa nimechoka hata kidogo, lakini nilikuwa nimetumwa. Alikaa kwenye kimoja cha vile viti.

"Wanjiku anakwenda wapi?" akaniuliza.

"Uuguzi, Mama."

"Na yule mrefu anayecheza mchumba?"

"Mombasa. Kuna mjomba wake bandarini."

Akatikisa kichwa. "Mnaona? Ninyi mkimaliza mchezo mnaanza maisha. Mimi nikimaliza narudi kuuza suruali." Kisha akainuka na kuendelea na viti. "Jumapili hii ndiyo ya mwisho. Waambie nimeapa."

Jumapili ile ukumbi ulijaa pomoni, kwa sababu watu waliposikia Dairekta ameapa walijua ni kweli. Mchezo ulikwenda vizuri kupita siku zote. Nilikuwa nimefika pale pa mwisho. Wanjiku ametoka, nimebaki peke yangu mbele ya mlango, nimevuta pumzi kuanza yale maneno marefu. Mlango wa ukumbi ukafunguka, akaingia Mzee Ochieng'. Hakukaa. Alipita katikati ya viti mpaka mbele, akapanda jukwaani akihema, akanishika bega.

"Kijana, vua koti. Wakwe zangu wameshuka stendi."

Watu wakalipuka kwa kicheko. Walidhani ni mchezo. Mtu akapiga kelele, "Mwambie, mzee!" Mzee Ochieng' akaninong'oneza, mate yakinirukia sikioni, kwamba binti yake mkubwa anachumbiwa leo, walikuwa wamesema Jumapili ijayo wakabadilisha, wako njiani na wazee wao, na yeye hawezi kuwapokea kwa sweta. "Nilimwambia mama yako akwambie, hakukuona. Vua, mwanangu, nakuomba."

Nilimtazama Dairekta pembeni mwa pazia. Alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili. Nilingoja anipe ishara yoyote. Hakunipa.

Nikalivua. Mzee Ochieng' akalivaa pale pale mbele ya watu wote, akafunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni, akanyoosha mabega. Kisha akawageukia watu. Nadhani aliona haya kuondoka hivi hivi bila kuaga, akasema kwa sauti kubwa, "Haya, jamani. Mimi nakwenda kuwafungulia." Akashuka, akatoka. Ukumbi ulisimama wote, makofi na vigelegele, na Dairekta akaivuta kamba. Pazia likafungwa mbele yangu nikiwa na fulana ya ndani, na maneno yangu yote mdomoni.

Wenzangu waliniona mwenye bahati. Mchezo ulikuwa umekwisha kwa kishindo ambacho hakijaonekana tena Shauri Moyo. Mimi sikuona bahati yoyote. Na Jumanne jioni, Siku ya Kurudisha, kila mtu alikuwa na nguo mkononi isipokuwa mimi. Yangu ilikuwa imejirudisha yenyewe, tena bila kufuliwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile Dairekta alikwenda nao. Niliwaona wakipita, yeye mbele katika buibui lake, Wanjiku nyuma yake na gauni mikononi. Alikaa katika kila nyumba, akanywa chai ya kila mtu, akasikiliza habari za kila nguo. Waliniambia alicheka sana, na kwamba kwa yule mama wa gauni aliuliza maswali mpaka giza likaingia. Homa ya mapazia haikumpata mwaka ule. Asubuhi ya Jumatano alikuwa juu ya kreti yake, sauti yake inasikika mpaka barabarani.

Sisi tukatawanyika. Wanjiku akawa muuguzi. Mimi nilikwenda gereji miezi kadhaa, kisha nikapata kazi katika ghala moja Industrial Area, kupokea na kutoa mizigo, na nikabaki huko. Yeye alifanya michezo mingine na vijana wengine, nasi tuliisikia kwa mbali. Mzee Ochieng' alipata wajukuu. Nilimkuta mara nyingi bombani, na kila mara nilitaka kumwuliza habari za lile koti, na kila mara nikaona ni upuuzi kwa mtu mzima.

Lakini yale maneno hayakunitoka. Nikiwa peke yangu kati ya magunia nilisimama nikayasema, yote, mpaka mwisho, mpaka kufungua mlango. Yalianza vizuri na kila mara yaliniacha vibaya. Nilioa, nikapata watoto wawili, na bado mtu akiniuliza mimi ni nani, kitu cha kwanza kilichonijia moyoni ni kwamba niliwahi kuwa baba katika *Mkwe Yuko Mlangoni*. Mengine yote niliyaona ni ya kungojea tu.

Mwisho wa miaka ya themanini nikapata wazo. Nilimtafuta yule mrefu aliyekuwa amerudi kutoka Mombasa, nikampata Wanjiku, nikaongea na wengine. Tuucheze tena, ukumbi ule ule, watu wale wale, mara moja tu. Walikubali kwa upole, kama watu wanavyokubali jambo wanalojua halitatokea. Wakaniambia niende kwa Dairekta.

Nilikwenda Gikomba Jumamosi moja. Kreti haikuwepo. Alikuwa amekaa juu ya bandali, miguu imevimba kidogo, miwani puani, anauza nguo za watoto. Mumewe alikuwa amekwishafariki. Nilijua, nilikuwa nimetuma salamu za pole. Nilipomsogelea aliinua uso.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Akanitazama. "Si yule baba mchoyo? Karibu, karibu! Umenenepa, alhamdulillahi." Akasukuma rundo la fulana, nikapata pa kukaa.

Nikamweleza yote. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia tarehe tuliyoifikiria, nani ameshakubali, jinsi tutakavyoazima nguo kama zamani. Alinisikiliza huku akikunja vigauni. Nilipomaliza akasema, "Hapana."

"Mara moja tu, Mama."

"Mchezo ule ulikwisha."

"Haukwisha. Ulikatwa. Maneno ya mwisho sikuyasema."

"Maneno ya mwisho aliyasema Mzee Ochieng'," akasema, "na yalikuwa mazuri kuliko yako. Nilisimama pale na kamba mkononi nikayasikia. Mtu anatoka jukwaani anakwenda kumfungulia mkwe wake wa kweli. Ningeongeza nini hapo?"

Niliumia, sifichi. Nilikuwa nimesafiri na wazo lile miezi mingi, nalo lilikuwa limemalizwa kabla kigauni hakijakunjwa. Niliangalia chini. Nikasema, nusu kwa hasira, kwamba kwake ni rahisi, yeye alikuwa na michezo mingine. Mimi sikuwa na mwingine.

Aliweka vigauni kando, akavua miwani.

"Asubuhi ukiamka unafanya nini?" akaniuliza.

"Nakwenda kazini."

"Kabla ya kazi."

Nikafikiri. "Napika uji. Mke wangu hutoka mapema, kwa hiyo mimi ndiye ninayepika uji wa watoto."

"Uji wa nini?"

"Wa wimbi. Yule mkubwa hautaki ukiwa na maziwa. Mdogo hautaki usipokuwa na maziwa. Kwa hiyo napika sufuria mbili."

"Anaitwa nani huyo mdogo?"

Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba hakubali kunywa mpaka nimhadithie nani mwingine anakunywa uji wakati huo huo. Lazima niwataje mmoja mmoja, bibi yake Mbotela, mwalimu wake, askari wa lango la ghala, na nikimsahau mtu anaweka kikombe chini. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu jambo hilo, halikuwa jambo la kusemwa. Mteja akaja, mama na mtoto mgongoni, akashika fulana na kuuliza bei. Dairekta akamwinulia mkono.

"Ngoja kidogo, mama. Huyu anaongea."

Yule mama akangoja. Akaja na mwingine nyuma yake, akasimama pia. Nikaona haya, nikashusha sauti, nikataka kuyamaliza haraka ili watu wauziwe nguo zao.

Dairekta akagonga bandali kwa kiganja.

"Paza sauti, huku nyuma hawasikii," akasema. "Anza tena hapo kwenye uji."

Nikaanza tena.